Mstari Mmoja Katika Kasala ya Wote

Jumatatu, 3 Juni 2024

Moyo wangu umechoka. Si maneno ya mapenzi, ni ya daktari. Amenichorea moyo wenyewe kwa kalamu, akaonyesha mahali unapovuja, akasema nisile chumvi na nisipande ngazi. Nyumba yetu hapa mtaani Kikula haina ngazi. Chumvi binti yangu Emérance ameshaificha.

Basi naandika maungamo. Padre wetu husikia sikio moja tu, na kila nikienda hujikuta nimepiga magoti upande wa lile jingine. Pengine si bahati mbaya.

Jambo lenyewe ni kasala. Mtu wetu wa Kasai akifa hapa Likasi, Mamu Albertine husimama kando ya jeneza akaghani sifa za marehemu na za ukoo wake. Pumzi moja, mstari mmoja. Mjini hakuna mwingine aliyebaki anayeweza. Sifa za koo zote, mutuelle yetu, chama cha kusaidiana, imeziandika katika faili moja, na anayeitunza ni katibu wetu Estelle, binti aliyesomea kompyuta. Leo, kwa kuwa daktari amenipa sababu, nimefungua kusoma nitakavyosifiwa. Haya ndiyo yote:

Philippe, mwana wa Tshiamala, aliyefika na wengine.

Na wengine! Mimi! Miaka thelathini chumba cha teleksi, kisha chumba cha kompyuta! Kilatini nilichosoma kwa mapadre! Na wengine, kama gunia la mahindi!

Nikatazama mistari ya shemeji Gaston, ndugu wa marehemu mke wangu Angèle. Anayo mitatu. Nguzo isiyoliwa na mchwa. Mkono unaogawa kabla ya kuombwa. Sauti inayotuliza mbwa. Gaston! Aliazima mwavuli wangu, akarudisha fimbo!

Nimekula bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele, bila chumvi. Samaki alikuwa na ladha ya maji, nayo maji yalikuwa na ladha ya kifo.

Jumanne, 4 Juni

Njia halali ninaijua. Mstari mpya huingia wakitokea mashahidi wawili waliokuwapo. Kuwapo wapi? Kwenye stesheni, siku tuliposhuka treni kutoka Kasai, watoto wadogo nyuma ya baba zetu walioitwa kazini. Shahidi ninayemjua kuwa bado hai ni mmoja. Gaston.

Basi, njia halali imefungwa.

Lakini wazee wa mutuelle tumepewa ruhusa ya kusahihisha makosa ya herufi bila kuuliza mtu. Nani aseme ni wapi herufi zinapoishia na neno linapoanzia? Nitaandika: aliyefika mbele ya wengine. Neno moja limetoka, mawili yameingia. Atakayeona ni Mamu Albertine peke yake, naye ataona wakati mimi niko ndani ya sanduku na siwezi kuulizwa.

Nimechukua faili. Nimeifungua katika kompyuta yangu, ile nzee aliyoniachia mwanangu. Masikini wee! Koo zote zimemwagika katika mstari mmoja usio na mwisho. Bibi wa huyu ameungana na babu wa yule. Hakuna pa kupumua.

Nikacheka. Mtu mwingine angeogopa. Mimi ni mtu wa teleksi. Zamani, ili mashine ianze mstari mpya, tuliipa amri mbili: ya kwanza, kichwa kirudi kushoto, ya pili, karatasi ipande juu. Ukisahau moja, unapata takataka. Kompyuta ya aina yangu bado inaweka alama zote mbili mwisho wa kila mstari, kama mtu anayefunga mlango kisha akaweka na kiti. Kompyuta ya Estelle, ya aina nyingine, inaweka ya pili tu. Programu yangu ndogo ya kuandikia ilitafuta mbili, ikaona moja, ikadhani hakuna mistari. Basi!

Nimefungua kwa programu nyingine, kubwa zaidi na yenye adabu. Mistari yote ikasimama vizuri kama watoto wa komunyo. Nimebadilisha mstari wangu. Nimehifadhi. Nimeituma. Penye maelezo nimeandika: kusahihisha herufi.

Nimemwomba Emérance chembe ya chumvi ili nisherehekee. Ameuliza nasherehekea nini. Nimesema elimu. Amekataa.

Alhamisi, 6 Juni

Maangamizi.

Sikujua kwamba faili ile ina mlinzi. Kila mtu anapobadilisha kitu, programu ya Estelle inalinganisha ya jana na ya leo, inapaka nyekundu mstari uliotoka na kijani ulioingia, kisha inapeleka habari kwenye simu ya kila mwanamutuelle. Habari ya jana asubuhi ilisema:

Philippe Tshiamala. Kusahihisha herufi. Mistari 4,112 imefutwa. Mistari 4,112 imeingizwa.

Yote! Kutoka ukoo wa kwanza mpaka wa mwisho! Programu yangu yenye adabu, ilipohifadhi, iliweka alama mbili mwisho wa kila mstari bila kuniuliza. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa mlinzi, kila mstari ni mgeni.

Na nilijua! Hilo ndilo linaloniuma. Juzi nilijisifu kurasa nzima kuhusu alama mbili, kisha sikufikiri hata dakika moja kwamba nitazitia mwenyewe.

Kolwezi wamepiga simu. Mbuji-Mayi wamepiga simu, mtu analia. Bruseli wamepiga: mwanamke nisiyemjua ameuliza kosa la bibi yake ni nini hata nimfute. Nimemwambia bibi yupo. Akasema anamwona kwa macho yake, mwekundu toka kichwa mpaka miguu.

Gaston hakupiga. Amekuja mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu, akauliza kwa upole, “Shemeji, njo nini? Unakufa, unataka kwenda na bantu bote?”

Nimejibu ni mambo ya kiufundi. Akasema ndivyo walivyosema pia watu wa maji walipotukatia.

Kwa upande mwingine, faida ipo. Kati ya mistari elfu nne myekundu, nani ataona wangu? Mwizi katika soko lililojaa yuko salama kuliko mwizi barabarani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamua kurekebisha kabla Estelle hajarudi kutoka Lubumbashi. Mpango: kuondoa alama iliyozidi, kubakiza mstari wangu, kuituma faili ikiwa safi. Mlinzi ataona mstari mmoja tu na atanyamaza. (Hapa sasa najiuliza kwa nini nilidhani atanyamaza.)

Nimeandika programu yangu mwenyewe, mistari sita. Kichwa bado kipo. Inasoma faili, inafuta alama ya kurudi kushoto, inaandika upya. Nikaiendesha. Nikaangalia. Alama zipo zote! Nikafuta tena. Zipo! Kumbe kompyuta yangu, kila inapoandika mwisho wa mstari, inarudisha alama hiyo hiyo kwa heshima, kama mama mkwe anayerudisha kiti pale alipokikuta. Ilipasa niiambie iandike faili kama ilivyo, bila kutia mkono. Nilijua hilo pia mwaka fulani.

Nikakasirika. Nikaambia programu ifute zote mbili, kurudi na kupanda, tuone sasa itarudisha nini.

Haikurudisha kitu.

Nilitaka kuangalia kabla ya kutuma. Nilitaka, mbele ya Mungu. Lakini umeme wa Kikula ukaanza kupepesa, nikaogopa ukatike kabla sijamaliza, nikabonyeza. Umeme ukatulia. Haukukatika mchana kutwa. Sijawahi kuona umeme mtulivu hivyo katika maisha yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Kila Jumamosi alasiri Mamu Albertine hufanya mazoezi katika ukumbi wa parokia. Za ukoo wake anazo kichwani. Za koo nyingine husoma katika karatasi ya herufi kubwa. Leo karatasi imetoka katika faili yangu ya jana. Emérance alikuwapo, amerudi na yote.

Anasema Mamu Albertine alisimama, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akaanza. Kwa desturi yake, anapumua mstari unapoisha. Mstari haukuisha. Akaendelea. Akapita ukoo wa kwanza, akaingia wa pili bila kubisha hodi, akampa mtu wa Mwene-Ditu mbuzi wa mtu wa Kabinda. Watu wakatazamana. Yeye haachi! Ni mwanamke ambaye haachi mstari katikati. Katika ukoo wa tatu sauti ikawa ya panya. Kisha akakaa chini, akakohoa, Gaston akampepea kwa kofia yake. Bila shaka kwa mkono unaogawa kabla ya kuombwa.

Alipopata pumzi akauliza nani ameandika hii. Wakamwambia. Akasema mbele ya ukumbi mzima, na Emérance ameniigizia mpaka mkono kiunoni, “Muzee Philippe alitaka kuniua minye mbele yake. Basi akufe na kimya. Minye sitaimbia muntu wa vile.”

Nimemwambia Emérance ni hasira tu, itapita.

Emérance alikuwa anachambua majani ya mihogo. Baadaye akasema, bila kuinua kichwa, kwamba mama yake Angèle alipozikwa, kitu kimoja tu kilichomsaidia kusimama kilikuwa ile sauti. Kwamba hajui atasimamaje mara ya pili bila hiyo.

Sikuwa na neno la kuchekesha. Nimetafuta.

Jumatatu, 10 Juni

Haijapita. Nimemtumia Mamu Albertine samaki. Samaki wamerudi. Nimemtumia sukari. Sukari haikurudi, lakini hata salamu haikuja.

Nimejaribu kujizoeza kuzikwa kimya. Nimelala chali, mikono kifuani, nimefumba macho. Nimesikia mbwa, jenereta, na mtu anauza mayai. Sikuona ubaya mpaka nilipofikiria Emérance amesimama pembeni. Watanibeba kama friji inayohamishwa. “Polepole kwenye mlango.” Hayo ndiyo yatakuwa maneno ya mwisho juu yangu.

Estelle amerudi. Amepiga simu, akaniita kaku, yaani babu, akasema ameirudisha faili ya zamani, maana mlinzi anatunza kila nakala. Hakuna aliyepotea. Amesema atakuja Jumatano na wazee wasikie maelezo yangu. Akauliza kwa adabu kama nina maelezo.

Ninayo! Usiku wote yamekuwa yakipangika. Nitawathibitishia kisayansi kwamba sikugusa neno hata moja. Ni alama tu za mwisho wa mistari! Mamu Albertine atasikia, atalainika.

(Na mstari wangu? Katika nakala iliyorudishwa umerudi kuwa “na wengine.” Baadaye. Kwanza heshima.)

Jumatano, 12 Juni

Wamekuja. Gaston, katika kiti changu. Mamu Albertine, wima, mkoba mapajani, bila kunitazama. Estelle na kompyuta yake. Emérance akaleta chai.

Nilizungumza vizuri. Lazima niseme. Nilieleza teleksi, kichwa kinachorudi kushoto, karatasi inayopanda. Niliinua mkono wa kushoto na wa kulia. Nilieleza kwamba mifumo miwili humaliza mstari kwa njia mbili, na programu isiyo na malezi huandika upya faili nzima kwa desturi ya kwao. Programu iliyolelewa vizuri huangalia kwanza faili ilikujaje, kisha huirudisha vilevile. Mgeni mwema hahamishi vyungu jikoni. Mamu Albertine aliitikia kidogo kwa kichwa. Nilimwona! Akasema hata pumzi yake inajua hilo, mwisho wa mstari si hewa tupu.

Moyo ukapanda, ule ule unaovuja. Hapo ndipo ningenyamaza.

Sikunyamaza. Nilimgeukia Estelle nikasema: mwanangu, chukua faili yangu ya Jumanne, uilinganishe na ya zamani, lakini mwambie mlinzi asijali alama za mwisho. Ahesabu maneno tu. Mtaona sikubadilisha kitu.

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu. Nilikuwa nimehubiri vizuri kiasi kwamba nilijiamini mwenyewe.

Estelle akabonyeza. Mistari elfu nne ikazimika kwa mara moja, nyekundu ikatoweka, kioo kikawa cheupe kama shuka.

Isipokuwa mahali pamoja.

Soko lilikuwa limetoka lote, akabaki mwizi, na kuku mkononi.

Estelle akasoma polepole, maana ni mtoto mwenye adabu. Nyekundu: aliyefika na wengine. Kijani: aliyefika mbele ya wengine.

Nilisikia kijiko kikizunguka katika kikombe cha Gaston. Kisha Gaston akaanza kucheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika juu ya kiti changu. Akasema, “Ah, shemeji! Bantu elfu nne mu damu, juu ya ka neno kamoja!”

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba nina haki ya neno dogo. Kwamba mtu hataki kuondoka akiwa “na wengine.” Sikupanga kusema hivyo. Emérance akaweka sinia chini.

Hapo Gaston akapangusa macho, akasema kitu nisichotarajia. Akasema kwamba, kusema kweli, Philippe alishuka kwanza. Yeye yuko tayari kushuhudia.

Nilimtazama. Gaston!

Akaendelea. Treni ilikuwa haijasimama vizuri. Philippe aliwasukuma watu wote, hata baba yake, akaruka chini wa kwanza kabisa. “Juu ya alikuwa anatapika.”

Nikasema shahidi mmoja hatoshi, na huyu ni shahidi wa uongo.

Mamu Albertine akafungua kinywa. “Minye nilikuwa pale,” akasema. “Mu gare. Na mama yangu, tunangojea tatu, baba yangu, mu ile train. Nilivaaka robe mupya, nyeupe.” Akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu aingie. “Ilikuwa juu ya ile robe, Tatu Philippe. Yote.”

Miaka sabini ameketi na jambo hilo! Sikumkumbuka. Nakumbuka kitu cheupe tu, na kwamba nilijisikia nafuu.

Mashahidi wawili. Sheria ni sheria. Mamu Albertine akamwamuru Estelle aandike mstari mpya, akaujaribu kwa sauti mara mbili mpaka ukaenea katika pumzi moja:

Philippe, mwana wa Tshiamala, aliyefika mbele ya wengine kwa sababu ya tumbo.

Nikauliza kama sehemu ya mwisho ni ya lazima. Akasema kasala haidanganyi, na kwamba watu wakicheka kidogo kaburini mzigo unakuwa mwepesi kwa wabebaji. Nikauliza basi kama ataughani mwenyewe. Akasimama, akashika mkoba.

“Sasa nani mwingine iko na pumzi ya kutosha?” akasema. “Lakini usikufe wiki hii. Kifua kingali kinauma.”

Alhamisi, 13 Juni

Nimelala vizuri kuliko mwezi mzima. Emérance anaimba jikoni. Asubuhi amenipa yai, na juu ya yai, naapa, kulikuwa na punje tatu za chumvi. Nimezila moja moja.

Nimetafakari. Nina umri huu na bado nilihitaji aibu ili niambiwe jambo rahisi: usiguse faili ya watu kwa ajili ya neno lako. Omba. Mashahidi wapo, hata usiowadhania. Nimemtumia Gaston ujumbe wa shukrani. Amejibu kwa picha ya ndoo.

Maungamo yamekwisha. Niko tayari.

Jumapili, 16 Juni

Nimeusoma mstari wangu tena baada ya misa. Ni mzuri. Una mwendo. Philippe, mwana wa Tshiamala, aliyefika mbele ya wengine. Pale ndipo sikio linataka kupumzika. Kinachofuata kinaharibu mdundo, na nasema hivyo kama mtu aliyesoma ushairi wa Kilatini, si kwa kiburi.

Maneno manne tu. Kwa, sababu, ya, tumbo. Sina haja ya kuongeza kitu. Kupunguza si kudanganya. Mashahidi wote wawili walisema nilishuka kwanza, hilo hawawezi kulikana.

Na kosa langu la kwanza lilikuwa la kompyuta, sasa nalielewa. Kompyuta ile ni nzee na haina malezi. Simu ya Emérance ni mpya. Ameiacha mezani, amekwenda kutembelea jirani.

Nimefungua faili. Inaonekana vizuri kabisa, kila mtu mahali pake. Nimefuta maneno manne. Penye maelezo, maana sitarudia tena ule ujinga wa herufi, nimeandika: kuondoa nafasi tupu mwishoni mwa mstari.

Simu imeuliza swali refu kabla ya kuhifadhi. Jambo fulani kuhusu mistari ya faili nzima. Miwani iko chumbani, na daktari amesema nisitembee bure.

Nimebonyeza Ndiyo.